Uvimbe chini ya jicho: mwongozo wa eksirei ya meno kwa mwenye mbwa

Bosco ni mbwa wa ulinzi, chotara wa German Shepherd, na alikuwa na miaka saba mzee wake alipomleta kliniki kwetu, hapa Arusha, akiwa amevimba chini ya jicho la kulia. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa ndimu. "Daktari, huyu kaumwa na nyuki," mzee akaniambia. Nilipapasa, nikasikia joto, nikamchoma sindano ya antibiotiki na ya kupunguza uvimbe, nikampa vidonge vya siku saba. Uvimbe ukaisha. Baada ya wiki tano ukarudi, safari hii ukapasuka na kutoa usaha. Nikasafisha kidonda, nikachoma tena. Mwezi wa nne mzee akaja mara ya tatu. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kwa upole, "Mwanangu, hizi sindano zinatibu nini hasa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa natibu ngozi ya shavu, na ugonjwa ulikuwa kwenye mzizi wa jino, ndani ya mfupa, mahali ambapo jicho langu na kidole changu havikuweza kufika. Tulipompiga eksirei, jibu lilionekana ndani ya sekunde chache. Naandika hatua hizi ili wewe mwenye mbwa uombe picha hiyo mapema, kabla ya sindano ya pili.

Hatua ya kwanza: mtazame kinywani, kwa tahadhari

Kabla ya mkono wa mtu yeyote kusogea kwenye mdomo wa mbwa, fikiria kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo bado upo kwetu. Mbwa asiye na chanjo anayechuruzika udenda, taya limelegea, hawezi kumeza au amebadilika tabia ghafla, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Hapo ndipo watu wengi wanapojiponza, wakidhani wanamsaidia. Mfungie peke yake na umpigie daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate kwenye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kama mbwa amechanjwa na yuko katika hali yake ya kawaida, kaa ubavuni mwake, usimkabili uso kwa uso. Huna haja ya kumpanua mdomo. Taya zikiwa zimefumba, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, upande mmoja kisha mwingine, na utazame hadi nyuma. Wapo wanaofuga mbwa wa ulinzi ambao kwa sababu za dini hawapendi kuguswa na mate yake. Glavu zinatosha, au kazi hiyo aifanye mlinzi anayemlisha kila siku. Mbwa humvumilia zaidi mtu wa chakula chake.

Jino la kulitafuta kwanza ni lile kubwa kuliko yote ya juu, karibu chini ya jicho. Ndilo linalokata nyama, na ndilo linalovunjika mbwa akitafuna kitu kigumu kupita kiasi. Mara nyingi hubanduka kipande cha upande wa nje, kama kigae kilichomeguka. Ukiona kidoti cheusi au chekundu katikati ya sehemu iliyovunjika, hapo nyama ya ndani ya jino imefunguka, na bakteria wana mlango.

Linganisha pande mbili. Ukoga ukiwa mzito upande mmoja na mwembamba upande wa pili, huenda mbwa ameacha kutafunia upande ule wenye ukoga kwa sababu unamuuma. Jino lililogeuka rangi kuwa la waridi, zambarau au kijivu, mara nyingi limekufa au linakufa hata kama halijavunjika. Kipele kwenye ufizi kinachotoka na kupotea ni njia ya usaha. Chafya za mara kwa mara au damu inayotoka tundu moja la pua huweza kutoka kwenye mzizi wa chonge, kwa sababu mzizi huo umetenganishwa na pua kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Na pengo ambalo halijawahi kuwa na jino ni la kuandikwa pia. Nitaeleza kwa nini mbele.

Piga picha kwa simu, andika tarehe. Na tafadhali, usingoje mpaka mbwa aache kula. Bosco alimaliza ugali wake na dagaa kila jioni kwa miezi yote ile ya usaha. Mbwa hula na maumivu yake, na kwa sababu hiyo wengi wanaugulia uani kwa miaka bila mtu kujua.

Hatua ya pili: elewa kwa nini kutazama hakutoshi

Mbwa mkubwa ana meno 42: 20 juu, 22 chini. Meno ya mbele na chonge yana mzizi mmoja mmoja, magego mengi yana miwili, na lile gego kubwa la juu lina mitatu. Unachokiona ukiinua mdomo ni sehemu ndogo ya jino. Mzizi wa chonge ni mrefu kuliko chonge lenyewe, nao unapinda kwenda nyuma juu ya mizizi ya jino linalofuata. Ukiona chonge limesimama imara, umeona kilele cha mlima.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya mbwa waliopigwa eksirei ya kinywa kizima. Hata pale ambapo uchunguzi wa macho na vyombo haukuonyesha tatizo lolote, picha zilifichua jambo lenye uzito wa kitabibu kwa asilimia 27.8 ya mbwa. Hiyo ni zaidi ya mbwa mmoja katika kila wanne ambaye angerudishwa nyumbani kwa maneno "yuko sawa."

Nikiri pia mpaka wa picha yenyewe. Mfupa huanza kuonekana umepungua kwenye eksirei baada ya kupoteza kiasi kikubwa cha madini yake, kwa kawaida asilimia 30 au zaidi. Kwa hiyo doa likionekana, ugonjwa una siku nyingi. Ndiyo maana nasema picha ikicheleweshwa, inachelewesha kitu ambacho tayari kimechelewa.

Hatua ya tatu: tafuta kliniki, na uulize maswali haya

Kliniki nyingi zenye eksirei zina mashine kubwa ya kifua na mifupa ya miguu. Mashine hiyo inaweza kusaidia kuona taya lililovunjika au uvimbe mkubwa, lakini mataya mawili hupandiana kwenye picha na mizizi hufichana. Kinachotakiwa ni eksirei ya ndani ya kinywa, ambapo sensa (kifaa kidogo kinachopokea picha) au bamba dogo huwekwa mdomoni, nyuma ya jino lenyewe, na miale kurushwa kutoka nje. Mashine ni ile ile inayotumika kwa meno ya binadamu.

Piga simu uulize: Mnayo eksirei ya ndani ya kinywa? Mtapiga kinywa kizima au jino moja? Mbwa atapewa nusukaputi na kuwekewa mpira wa kupumulia? Nani atakaa naye akimwangalia pumzi na moyo wakati daktari anashughulika na meno? Mnapiga picha nyingine baada ya kung'oa? Nitapewa nakala? Kliniki inayofanya kazi vizuri haitachukia maswali hayo. Usipopata jibu la mpira wa kupumulia na mtu wa kumwangalia, tafuta pengine, hata kama ni mbali. Kwa Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuulizia rufaa. Kwa Kenya, idara ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete. Daktari wako ndiye atakayekuambia ni nani aliye karibu mwenye mashine inayofanya kazi kwa sasa.

Una haki pia ya kuuliza kama mashine imesajiliwa. Mionzi inasimamiwa kisheria, kwa Tanzania na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa Kenya na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Mionzi ya picha moja ya jino ni kidogo, lakini mtumishi anayepiga picha kila siku lazima alindwe.

Kuhusu gharama, omba makadirio yaliyogawanywa mara mbili: usingizi, usafishaji na picha upande mmoja, tiba itakayotokana na picha upande mwingine. Daktari hawezi kukutajia kwa uhakika gharama ya kung'oa jino ambalo mzizi wake hajauona. Kubalianeni mapema kiwango ambacho anaweza kuendelea nacho bila kukupigia, na acha simu yako wazi siku hiyo.

Kuna wanaozunguka majumbani wakikwangua ukoga mbwa akiwa macho. Meno yanang'aa, mwenye mbwa anafurahi, na chini ya ufizi kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Mwongozo wa meno wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, unaipinga kazi hiyo waziwazi, nami naipinga, kwa sababu nimewafungua mdomo mbwa waliosafishwa hivyo.

Hatua ya nne: mwandae mbwa

Uchunguzi wa moyo na mapafu, kipimo cha damu cha figo na ini, wingi wa damu. Hayo ni ya kila mahali. Kwetu huku kuna moja la kuongeza ambalo mwongozo ulioandikwa Ulaya huenda usikukumbushe: kupe. Ugonjwa wa kupe uitwao erlikia hupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mbwa anaweza kuonekana mzima, anabweka, anakula, kumbe ukimng'oa jino damu haikatiki. Omba chembe sahani zihesabiwe. Zikiwa chini, meno yanasubiri na ugonjwa wa kupe unatibiwa kwanza.

Mtajie daktari kila dawa aliyopewa, pamoja na sindano ambayo jirani alimchoma. Chakula cha mwisho kiwe jioni ya usiku unaotangulia, maji aachiwe mpaka asubuhi, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Watoto wa mbwa na wale wadogo sana hawafungishwi muda mrefu, maana sukari yao hushuka. Mwambie pia mlinzi wa usiku na watoto wa nyumbani; makombo ya saa kumi na moja alfajiri yameahirisha kazi nyingi. Mbwa mwenye tumbo lililojaa anaweza kutapika akiwa usingizini, na matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Watu huniuliza kwa nini mbwa asishikwe tu na watu wawili, picha ikapigwa. Sensa ni ndogo kuliko kiberiti, ni ya thamani kubwa, na lazima itulie kinywani bila kusogea hata milimita moja, tena mara kadhaa kwa pembe tofauti. Mbwa aliye macho ataitafuna, na aliyemshika ataliwa na mionzi kila siku ya kazi. Zaidi ya hayo, mpira wa kupumulia hulinda mapafu dhidi ya maji na uchafu wa meno unaosafishwa.

Baada ya mbwa kulala, daktari anapitisha kijiti chembamba chenye vipimo kuzunguka kila jino, kati ya jino na ufizi. Kwa mbwa mzima kinazama milimita 0 hadi 3. Kikizama 6 au 7, kuna mfuko, na picha itasema mfuko huo umekula mfupa kiasi gani. Kila jino huandikwa kwa namba yake. Tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mbwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Mbili zinazofuata huhesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Chonge siku zote ni 04. Jino la Bosco lilikuwa 108. Ukizijua namba hizi utaweza kuisoma karatasi yake mwenyewe.

Kisha picha. Magego ya taya la chini ni mepesi: sensa huwekwa sambamba na jino na miale hupita moja kwa moja. Kwa taya la juu haiwezekani, kwa sababu kaakaa la mbwa ni bapa na sensa haina pa kusimama. Hapo mpigaji hukadiria pembe kati ya jino na sensa, akaigawa katikati, akaelekeza miale kwenye mstari huo. Ni kama kivuli cha mtu: jua likiwa juu kivuli hufupika, likiwa chini hurefuka. Akikosea, jino hutoka fupi kama kisiki au refu kama fimbo, na anarudia. Gego kubwa la juu lina mizizi miwili ya mbele inayopandiana, hivyo hupigwa tena kutoka ubavuni kidogo ili itengane. Kinywa kizima huchukua picha 8 hadi 12 hivi, na mbwa mkubwa huhitaji zaidi. Kila wakati wa kubonyeza, watumishi hutoka chumbani au husimama mbali, mita 2 au zaidi, nje ya njia ya miale.

Hatua ya sita: kaa na daktari muisome picha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo ambayo wenye mbwa wengi huikosa kwa sababu hawaiombi. Omba. Dakika kumi mbele ya kompyuta zitakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote.

Kilicho kigumu ni cheupe, kilicho laini au kitupu ni cheusi. Ngozi ya nje ya jino ni nyeupe kabisa. Ndani yake ni kijivu cheupe, na katikati kuna mfereji mweusi ambamo nyama na mshipa wa jino hukaa. Kuzunguka mzizi kuna uzi mweusi mwembamba, huo ni utando unaoufunga mzizi kwenye mfupa, na baada yake mstari mweupe wa mfupa. Fuata uzi ule kwa kidole kuanzia shingo ya jino hadi ncha ya mzizi na kurudi upande wa pili. Ukiwa mwembamba sawasawa, vizuri. Ukifika kwenye ncha ukapanuka kuwa doa jeusi la mviringo, kama alama ya moshi ukutani juu ya kibatari, hapo mfupa umeyeyuka na usaha unakaa.

Bosco alikuwa na doa hilo kwenye mizizi miwili kati ya mitatu ya 108. Lakini kilichonishika ni kitu kingine. Jino la mbwa mchanga lina mfereji mpana, kuta zake ni nyembamba. Jino likiwa hai, kila mwaka hujijenga kwa ndani na mfereji huzidi kuwa mwembamba. Likifa, ujenzi husimama siku hiyo. Tukaweka picha ya 108 kando ya pacha wake wa kushoto, 208. La kushoto lilikuwa na mfereji kama uzi wa kushonea, sawa na umri wa miaka saba. La kulia lilikuwa na mfereji mpana wa mbwa mwenye mwaka mmoja na kitu. Jino lile lilikuwa limekufa tangu ujana wake. Mzee alitazama akanyamaza, kisha akasema, "Alipokuwa mdogo tulikuwa tunamletea kwato na mifupa ya paja kutoka machinjioni. Alikuwa akizipenda." Aliipata tarehe ya ajali kwenye picha, miaka mitano na zaidi baada ya kutokea.

Basi unaposoma, linganisha daima jino na pacha wake. Tazama pia urefu wa mfupa kati ya meno. Unatakiwa ufike karibu na shingo ya jino. Ukiwa umeshuka, daktari atakutajia kiwango: upungufu wa chini ya robo ya mzizi ni mwanzo, kati ya robo na nusu ni wa kati, zaidi ya nusu ni mbaya na mara nyingi jino haliokoki.

Kuna vivuli vinavyodanganya. Kwenye taya la chini, karibu na magego madogo ya mbele, kuna tundu la asili la kupitishia neva. Likiangukia juu ya ncha ya mzizi linafanana kabisa na jipu. Dawa yake ni picha ya pili kwa pembe tofauti. Tundu litahama mbali na mzizi, jipu litabaki limeng'ang'ania. Chonge na meno ya mbele ya juu nayo huweza kuonyesha kivuli cheusi chenye ncha kwenye mwisho wa mzizi, ambacho ni cha kawaida. Kwa hiyo mtu asikung'olee jino kwa doa moja la picha moja.

Na pengo lile nililosema uliandike? Jino ambalo halijaonekana linaweza kuwa halikuumbwa, na hapo hakuna neno. Linaweza pia kuwa limelala ndani ya taya. Jino lililozikwa huweza kutengeneza mfuko wa maji unaokula mfupa kimyakimya mpaka taya lidhoofike, na linalozikwa sana ni gego dogo la kwanza la chini kwa mbwa wenye pua fupi kama Boxer, Pug na Bulldog. Nje huoni chochote. Picha moja mbwa akiwa mchanga, akiwa tayari usingizini kwa kufungwa kizazi, inamaliza wasiwasi huo.

Hatua ya saba: amua tiba

Jino lililokufa lenye doa kwenye mzizi lina njia mbili: kung'olewa, au tiba ya mzizi ambayo husafisha mfereji na kuuziba, pale anapopatikana mwenye ujuzi huo. Antibiotiki peke yake hupoza tu. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani.

Kung'oa jino lenye mizizi mitatu si kazi ya kuvuta kwa koleo. Hukatwa vipande vitatu, kila mzizi ukatolewa peke yake, chini ya ganzi hata kama mbwa amelala, kisha ufizi ukashonwa. Dai picha ya baada ya kung'oa. Ncha ya mzizi iliyovunjikia ndani na kufunikwa na ufizi itarudisha uvimbe ule ule, na wewe utaambiwa ni jino jingine.

Kama mbwa wako ni mdogo wa umbo, Maltese, Chihuahua na wenzao, sisitiza picha kabla ya mtu kugusa gego kubwa la chini, 309 au 409. Mizizi yake hufika karibu na ukingo wa chini wa taya. Ugonjwa ukiwa umekula mfupa, kilichobaki ni kama ganda la yai, na mkono mzito unalivunja taya. Daktari aliyeiona picha hufanya kazi taratibu au humpa rufaa. Asiyeiona hajui amesimama juu ya nini.

Yapo pia meno ya kuachwa. Doa dogo lenye shaka, mfereji usioonyesha tofauti kubwa: andikeni namba, wekeni tarehe, pigeni tena baada ya miezi sita.

Hatua ya nane: nyumbani

Chakula laini kwa siku 10 hadi 14: ugali mlaini na mchuzi wa nyama ya kusaga, au chakula cha dukani kilicholowekwa. Hakuna mfupa, hakuna kuvutana kamba. Dawa ya maumivu ni ile tu uliyopewa kliniki. Usimpe ya kwako. Ibuprofeni na diklofenaki huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo, parasetamoli huweza kuharibu ini lake. Nyuzi nyingi za kinywani huyeyuka zenyewe, lakini mrudishe akaguliwe. Damu kidogo kwenye udenda siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayotiririka, uso kuvimba zaidi baada ya siku ya tatu, au kukataa maji, piga simu.

Kidonda kikipona, anza mswaki. Tumia mswaki wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa, au maji matupu. Dawa yetu ina povu na floridi asizoweza kutema, na nyingine zina sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwake. Kila siku ni bora, mara tatu kwa wiki inasaidia.

Na mifupa. Kipimo changu ni ukucha wa kidole gumba: ukibonyeza kitu na ukucha usiache alama, kitavunja jino. Kwato, pembe, paja la ng'ombe, vyote vinashindwa kipimo hicho. Mbwa anayeng'ata waya wa banda lake naye anatafuna jino lake mwenyewe. Huyo anahitaji kutembezwa kuliko anavyohitaji mfupa.

Nakala za picha zitunze kwenye simu, zikiwa na jina la mbwa, tarehe na namba ya jino. Ukihama mji au ukibadili daktari, ndizo za kwanza kumwonyesha.

Bosco alipopigwa picha miezi sita baada ya kung'olewa, pale palipokuwa na doa jeusi palikuwa pamejaa mfupa wa kijivu. Mzee anasema mbwa amerudia kukimbiza mpira, jambo ambalo hawakuliona kwa miaka, wakadhani ni uzee. Siku hizi kila Jumamosi, siku ya dawa ya kupe, mlinzi humwinua mdomo pande zote mbili na kutazama. Wiki iliyopita alinitumia picha kwenye WhatsApp: ufa mwembamba kwenye 208. Tumempangia eksirei Jumanne.